Kisumu ni maskini au si maskini? Uzi kutoka Obunga

Wadau, uzi huu ni mrefu kidogo. Wekeni chai jikoni.

Kila msimu wa siasa ukifika, hapa Obunga tunasikia maneno mawili. Wa kwanza anakuja na gari la vipaza sauti na kusema Kisumu imesahauliwa tangu uhuru. Wa pili, mara nyingi kwenye redio, anamjibu kwamba huo ni uongo, takwimu za serikali zinaonyesha Kisumu iko afadhali kuliko wastani wa nchi. Halafu watu wanatukanana mpaka usiku. Sitataja mtu wala chama, na mkiandika majina kwenye majibu nitayafuta. Nataka tu kuonyesha kwamba wote wawili wana karatasi mkononi, na karatasi zote mbili ni halali. Ila hazipimi kitu kimoja, wala mwaka mmoja.

Tuanze na karatasi ya yule wa redio. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilifanya utafiti wa matumizi ya kaya mwaka 2015/16. Kwa Kenya nzima, watu 36.1 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Kisumu ilikuwa 33.9. Kwa hivyo ni kweli, tuko afadhali kidogo kuliko wastani. Linganisha na Turkana, 79.4. Linganisha hata na Busia hapo jirani, 69.3. Nairobi ilikuwa 16.7. Sisi tuko katikati, si mkiani wala kileleni.

Halafu 2019 KNBS ikatoa kwa mara ya kwanza hesabu ya pato la kila kaunti, ikipima miaka ya 2013 hadi 2017. Nairobi peke yake ilikuwa na asilimia 21.7 ya uchumi wote wa nchi. Kisumu ilikuwa kwenye kundi la juu la zile 47, na sensa ya mwaka huohuo ilituhesabu watu 1,155,574, yaani kama asilimia 2.4 tu ya Wakenya. Ukiwa na karatasi hizo mbili unaweza kupanda jukwaani ukauliza: nyinyi watu wa ziwa mnalia nini?

Hebu tuangalie huo mstari wenyewe, kwa sababu watu wanaupigia kelele bila kuujua. Mwaka 2015/16 mstari wa umaskini wa mjini ulikuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30. Ni shilingi 200 kwa siku, na hapo ndani kuna chakula, kodi ya nyumba, maji, makaa, nauli, daftari la mtoto, dawa. Mtu aliyetumia shilingi 190 alihesabiwa maskini. Jirani yake wa mlango unaofuata aliyetumia 215 hakuhesabiwa. Sasa fikiria ploti moja hapa Obunga yenye vyumba kumi vya mabati na choo kimoja. Takwimu zinaweza kuwagawa hao majirani pande mbili, na wote wanapanga foleni asubuhi kwenye choo kilekile.

Sisemi mstari huo ni upuuzi. Lazima mstari uwekwe mahali fulani, la sivyo hakuna kuhesabu. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo watu wengi wamesongamana karibu na mstari, juu kidogo na chini kidogo, ile 33.9 inaweza kusogea sana kwa mvua moja mbaya au kwa bei ya unga. Na kumbuka hata hiyo 33.9 ni watu karibu laki nne kwa kaunti yetu.

Sasa nije kwa pato la kaunti, na hapa nitakaa kidogo maana ni kitu tunachokijua kwa pua.

Obunga iko karibu na eneo la viwanda la Kisumu, na kati ya viwanda hivyo kuna vya samaki. Mbuta anatoka ziwani, anaingia kiwandani, anachunwa ngozi, minofu inakatwa, inagandishwa, inasafirishwa nje ya nchi. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mbavu zenye nyama kidogo iliyonata. Hiyo ndiyo mgongo wazi. Kina mama wa Obunga hununua mabaki hayo, huyaanika juani, huyakaanga kwa mafuta kwenye karai kubwa, huyauza hapa na kuyapeleka masoko mengine ya magharibi. Ukipita Obunga jioni utajua umefika kabla hujaona nyumba.

Minofu hiyo ikishatengenezwa, thamani yake inaandikwa kwenye pato la Kisumu. Ni halali, kiwanda kiko Kisumu. Lakini pato la kaunti halikwambii faida ilikwenda kulala wapi. Mwenye hisa anaweza kuwa anaishi kokote. Linakwambia kitu kilitengenezwa wapi, halisemi nani alikula minofu na nani alikula mifupa. Kwa hivyo mtu akikuambia "pato la Kisumu liko juu, kwa hivyo watu wa Kisumu wako sawa", ameruka hatua nzima katikati.

Na biashara yenyewe ya mbuta ina historia. Huyu si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliwekwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akala wenzake wengi, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye dhahabu ya ziwa. Viwanda vikamea. Halafu kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya likafungwa zaidi ya mara moja kwa sababu za afya na usafi wa samaki. Uamuzi unafanywa Brussels, na karai linazima Obunga, kwa sababu kiwanda kisipokata minofu hakuna mgongo wa kununua. Nyavu zikiwa tupu ni shida moja. Nyavu zikiwa zimejaa na mlango wa mnunuzi umefungwa ni shida nyingine kabisa.

Mwaka 1997 huohuo kulikuwa na utafiti wa serikali wa hali ya maisha. Katika miji mikubwa, Kisumu ndiyo iliyokuwa na umaskini mkubwa zaidi: karibu asilimia 64. Nairobi ilikuwa nusu ya watu. Mombasa ilikuwa 38. Hiyo ndiyo karatasi anayopenda mtu wa vipaza sauti, na anaitumia mpaka leo kana kwamba ilichapishwa jana. Mwenzake wa redio naye anaanza historia 2015. Mbinu za kupima zilibadilika kati ya tafiti hizo, kwa hivyo huwezi kutoa 34 kwenye 64 ukasema tumepunguza umaskini kwa 30. Unachoweza kusema ni kwamba nafasi yetu tukilinganishwa na wengine imebadilika. Ilishawahi kuwa mbaya zaidi. Na kabla ya hapo ilishawahi kuwa nzuri sana.

Ndiyo, nzuri sana. Mnasahau.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence. Wakati huo sehemu hii ilihesabiwa Uganda. Tulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Kila kitu cha Uganda kilipita hapa: pamba, ngozi, barua, askari. Mzigo ulishuka melini, ukapanda treni. Maseno, shule ya wamishonari, ilianzishwa 1906. Miwani ikaanza kusaga miwa miaka ya 1920. Kama kungekuwa na orodha ya kaunti 47 wakati huo, tungekuwa kwenye meza ya mbele.

Kitu cha kwanza kilichotushusha hakikuwa serikali ya baada ya uhuru. Ilikuwa reli nyingine. Wakoloni walijenga njia kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo, katikati ya mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu, na ikafika Kampala mwaka 1931. Kuanzia hapo mzigo wa Uganda haukulazimika kuja Kisumu kupanda meli. Mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ukawa tawi. Wakati huohuo kodi ya nyumba ilikuwa inawasukuma vijana wa Nyanza kwenda kutafuta mshahara kwenye mashamba ya chai, kwenye reli, bandarini Mombasa. Nguvu ya hapa ikawa inajenga kwingine. Hili watu wa jukwaani hawalisemi kwa sababu hakuna mtu wa kulaumiwa aliye hai.

Halafu ikaja karatasi ambayo kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote: Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965. Jina lake linataja ujamaa wa Kiafrika, na kwa sababu hiyo wengi wanadhani ulikuwa wa kugawana sawa. Msome. Kuna sehemu inasema, kwa maneno yangu, kwamba nchi ina pesa chache, kwa hivyo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi: kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme tayari, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Matunda yake yakipatikana, ndipo sehemu nyingine zisaidiwe.

Ukiusoma kama mhasibu, una mantiki. Ukiusoma kama mtu wa Turkana au Wajir, ni hukumu. Aliyepata barabara kwa mkoloni anapata ya pili kwa sababu tayari ana ya kwanza.

Na sisi je? Hapa ndipo Kisumu inakuwa kesi ya ajabu, na ndiyo maana sipendi tukijilinganisha na Kaskazini kama pacha. Kisumu mjini ilikuwa na vile vitu waraka ulivitaka: reli, bandari, umeme, shule, watu waliosoma. Kwa kanuni hiyo tulipaswa kupata. Na kwa kiasi tulipata: viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil na kiwanda cha nguo cha KICOMI ni vya miaka ya 1960, na mpango wa kunyunyizia mpunga Ahero ulianza mwishoni mwa miaka hiyo. Mtu akikuambia hapakujengwa chochote, mpeleke Ahero akale wali.

Lakini siasa iliharibika. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji bado tunaiita Russia, kulitokea vurugu na risasi zikapigwa kwenye umati. Watu wakauawa. Siku chache baadaye upinzani ukapigwa marufuku nchini. Kwa miaka mingi baada ya hapo eneo hili lilikuwa upande usiopendwa, na katika nchi ambayo barabara ilitegemea nani anajuana na nani ofisini Nairobi, hilo lilikuwa na bei. Sina karatasi ya kukuonyesha bei hiyo kwa shilingi. Lakini ukitaka kujua kwa nini mzee wa hapa hazungumzi umaskini bila kuzungumza siasa, anza na siku hiyo.

Miaka minane baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Nairobi ilikuwa na viwanda na ofisi, ikaendelea. Kisumu ilikuwa bandari ya Jumuiya, na bandari bila majirani ni ukuta wa mawe majini. Reli na meli zilizokuwa za nchi tatu zikagawanywa. Miaka ya 1990 gugu maji likafunika ghuba, KICOMI ikafa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Miwani na Muhoroni zikawa chini ya mrasimu. Mkulima wa miwa akabaki na miwa shambani.

Obunga yenyewe ni mtoto wa historia hiyo. Wengi wanafikiri kila mtaa wa mabanda umekaa kwenye ardhi ya serikali, kama kwingine. Hapa sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ilipanuliwa na ikameza vijiji vilivyokuwa pembeni, na ardhi za familia zikajikuta mjini bila barabara, bila mabomba, bila mtaro wa majitaka. Wenye ardhi wakajenga vyumba vya kupangisha. Ndivyo ulivyotokea ule mkanda unaozunguka mji: Obunga, Manyatta, Nyalenda, Bandani, Nyawita. Katikati ya miaka ya 2000 ilikadiriwa kuwa karibu asilimia 60 ya watu wa mji wanaishi kwenye mkanda huo. Mwaka 2001 Kisumu ikapewa hadhi ya jiji. Hadhi ilikuja, mtaro ukabaki njiani.

Sasa karatasi ambayo wote wawili huiacha nyumbani. Mimi ingekuwa ndiyo ya kwanza kusomwa.

Utafiti wa afya wa 2003, KDHS, uliuliza: katika watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, wangapi hufa kabla ya kufika miaka mitano? Kenya nzima: 115. Mkoa wa Kati: 54. Nyanza: 206. Mtoto mmoja kati ya watano. Nchi moja, noti moja, bendera moja, na mtoto wa Nyanza alikuwa na hatari karibu mara nne ya mtoto wa Kati. Malaria ya kando ya ziwa ilichangia, maji machafu yalichangia, na ukimwi ulichangia sana, kwa watoto na kwa wazazi wao. Hata mwaka 2018, utafiti wa KENPHIA uliikuta Kisumu na maambukizi ya HIV asilimia 17.5, wakati taifa lilikuwa 4.9. Homa Bay pekee ndiyo ilikuwa juu yetu, 19.6.

Unaona sasa? Kwa pesa tuko karibu na wastani. Kwa HIV tuko zaidi ya mara tatu ya wastani. Kwa elimu watu wa huku hawajawahi kuwa nyuma. Ukichukua hayo yote ukayachanganya kwenye sufuria moja ukatoa namba moja ya "ustawi", umepika kitu lakini hujui ni nini.

Tena tuwe wakweli: hiyo 206 haikukaa. Utafiti wa 2008/09 ulisema 149 kwa Nyanza. Ule wa 2014 ulisema 82, taifa likiwa 52. Bado tuko nyuma, lakini angalia umbali. Vyandarua, chanjo, dawa za kupunguza makali ya virusi, wahudumu wa afya wa jamii wanaotembea mlango kwa mlango. Katika miaka 11 vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu, na hakuna uchaguzi uliochezwa kwa jambo hilo. Hakuna aliyepanda jukwaani kusema "watoto wa Nyanza wanaishi". Kusema tumesahauliwa kunapigiwa makofi zaidi.

Kwa nini namba hizi ni pesa na si maneno tu? Kwa sababu tangu katiba ya 2010 mgao unafuata fomula. Angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa huenda kwa kaunti. Fomula ya kwanza ilitoa uzito wa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Kwa hivyo kaunti ina sababu ya kuonekana kubwa na ina sababu ya kuonekana maskini. Mnakumbuka 2020, Seneti ilivyokwama wiki baada ya wiki, wengine wakitaka kichwa cha mtu kihesabiwe zaidi, wengine ardhi na umaskini. Ule haukuwa ugomvi wa maneno. Ulikuwa ugomvi wa wauguzi na mabomba.

Na kuna Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa sera yake ya kwanza 2013, ilitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, West Pokot, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Kisumu haimo. Siaya haimo. Homa Bay haimo. Kwa hesabu ya serikali, sisi hatukuachwa nyuma.

Mimi sipingi orodha ile. Nenda Mandera kisha uje uniambie Kisumu ilistahili nafasi yake. Nilichokipinga ni kipimo cha kaunti nzima kama gunia moja. Milimani na Obunga zinaandikwa jina moja, Kisumu. Nyakach na Seme, ambako mvua ikikosa mtu anauza mbuzi, jina ni lilelile. Wastani unazichanganya zote, na unapotoka unapita vizuri juu ya mstari. Sera ya pili, ya 2018, iliacha kuangalia kaunti nzima na kuanza kuangalia maeneo madogo ndani yake. Huo ndio mwelekeo niliokuwa nautaka, na ajabu ni kwamba sijasikia hata mkutano mmoja hapa Kondele ukiutaja.

Kwa hivyo akija wa vipaza sauti, muulizeni: ni karatasi ya mwaka gani, na unatulinganisha na nani? Akija wa redio, muulizeni: wastani wa Kisumu ipi? Na wote wawili, kabla ya kuondoka, waulizwe Obunga inaonekana vipi kwenye ramani ya maeneo madogo na ni nani wa kaunti anayeifuatilia. Wakijibu, niandikieni hapa chini jibu lilivyokuwa.

Watu wa Siaya na Homa Bay, najua mnakuja kuuliza zenu. Namba zenu za umaskini za 2015/16 zinakaribiana na zetu, lakini hadithi ya kufika hapo si moja. Nyie hamkuwa na bandari ya kupoteza. Uzi wenu unakuja wiki ijayo.